Tulipata kadi ya kuzamia siku moja, leo mimi ni mbeba kamera

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga mjini. Nina miaka 36, ni mwalimu wa sekondari, nina mume na watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Nimesita sana kuandika, maana nasoma barua za wenzangu waliotelekezwa na waliopigwa, halafu mimi naja na habari za matembezi ya baharini. Lakini jambo hili limenikaa kooni.

Mimi na mume wangu tunazamia. Si kuzamia pweza. Tunazamia kwa mtungi wa hewa, kwa kutazama tu matumbawe na samaki. Tulijifunza pamoja Unguja mwaka 2019, kozi moja, mwalimu mmoja, na kadi tulipewa siku moja. Yeye ndiye aliyenishawishi na ndiye aliyelipa, hilo simnyimi. Siku ya kwanza nilitetemeka, akanishika mkono mpaka tukagusa mchanga. Nilipoinua macho nikaona jua linavyovunjikavunjika juu ya maji, hofu yote ikaniisha. Tangu siku ile naipenda bahari kwa namna nisiyoweza kumweleza mtu ambaye hajawahi kushuka.

Tuliporudi Tanga aliunda kikundi na wenzake wa kazini, watu saba au wanane. Bahari ikitulia wanakodi boti Ushongo na kwenda Maziwe, lile fungu la mchanga katikati ya bahari, karibu kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo mimi naamka saa tisa usiku. Nakaanga maandazi, nachemsha mayai, napika pilau la watu wote, nawaandaa watoto, tunaondoka kiza ili tuwahi kuvuka Pangani. Tukifika kwenye fungu, watoto hawawezi kuachwa, basi nakaa nao mchangani chini ya mwavuli huku wenzangu wanazama mara mbili. Maji yakianza kulimeza fungu tunapanda boti tunarudi. Jumapili nafua. Na zile safari wanazokwenda bila watoto, kukiwa na homa, arusi, msiba au mitihani ya kusahihisha, anayebaki ni mimi. Leo mume wangu ana mizamo 140. Mimi nina 31.

Na hiyo 31 nimezama kama mfuasi. Kina anapanga yeye, dakika anapanga yeye, njia anaijua yeye. Mkanda wa vyuma vya uzito ananifunga yeye. Jaketi la kuelea ninalovaa ni lake la zamani, likijaa hewa linanipanda mpaka masikioni. Kazi yangu chini ni kushika kamera na kuwapiga picha.

Novemba iliyopita tulikuwa kina cha mita 17, mkondo unasukuma. Nikatazama geji yangu, ile saa inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini kwa baa: baa 70. Nilijua tulipaswa kuwa tumeshageuka. Lakini anayeongoza ni yeye, nikasubiri anigeukie aniulize. Alikuwa anamfuata kasa. Nikapiga mapezi kumfikia, na nilipomgusa bega sindano ilikuwa kwenye 40. Tukapanda, tukasimama mita 5 kwa zile dakika tatu za usalama, mimi nikihesabu kila pumzi. Botini akawaambia wenzake, "Mke wangu anavuta hewa kama pampu ya kisima." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Siku hiyo hiyo alikuwepo mgeni, mwanamke mwalimu wa uzamiaji, akanivuta pembeni akasema nina utulivu mzuri majini, niendelee na kozi mpaka ngazi ya kuongoza wazamiaji. Nilipomwambia mume wangu akajibu, "Kwanza fikia kiwango. Na kuongoza watu baharini waachie wenye nafasi." Mama mkwe naye amesikia, anasema mke wa mtu kujibana kwenye nguo ya mpira mbele za wanaume ni aibu, na maji ya kina yanaharibu kizazi. Bibi yangu mzaa mama alitafuta pweza Kigombe mpaka uzeeni, sijasikia mtu akimwambia neno.

Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Anasema kijana wetu akifika miaka 10 atampeleka kozi ya watoto, uwe mchezo wa familia. Je, nimwachie mchezo wake nitafute wangu? Au nisonge mbele? Na nikisonga, nifanyeje nisivunje amani ya nyumba?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mengine yote tuzungumze geji, maana hapo ndipo niliposimama kusoma, nikaweka simu chini, nikavuta pumzi.

Mimi nilishuka na mtungi mara ya kwanza nikiwa na miaka 46, kwa hiyo ninachokuambia nimekipitia. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa peke yake. Ukishuka mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu. Pumzi ile ile unayoivuta sebuleni, ukiivuta kwenye mita 17 inakula karibu mara tatu ya hewa iliyomo mtungini. Ndiyo maana wengi tunafundishwa kugeuka mtungi ukiwa nusu, na kufika juu ukiwa bado na baa 50. Wewe ulikuwa na 40 na safari ya kupanda ilikuwa haijaanza. Mumeo angekuwa amekwenda mita kumi zaidi nyuma ya yule kasa, leo pengine barua hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Na kilichokuchelewesha ni adabu. Ulijua, mwanangu. Mwenyewe umeandika "nilijua". Ulisubiri uulizwe, kama unavyosubiri mezani mpaka baba wa nyumba aanze. Nyumbani desturi hiyo inaweza isimdhuru mtu. Chini ya maji, mwenza anayesubiri kuulizwa ni mzigo kwa mwenzake, na siku mwenzake akipatwa na jambo hawezi kumsaidia, kwa sababu hajui wako kina gani, wametoka upande gani, wala wamebakiwa na dakika ngapi. Hebu jiulize: yeye angebanwa misuli siku ile au angeishiwa yeye, wewe ungempeleka wapi? Tunazama wawiliwawili ili kila mmoja awe akiba ya mwenzake. Kwa namna mnavyozama ninyi, mumeo anazama peke yake akiwa na mkewe nyuma. Hilo mwambie kwa maneno hayo hayo, maana linamhusu yeye kama linavyokuhusu wewe.

Kwa hiyo kuanzia safari ijayo, kabla hamjaruka botini, kila mmoja ataje kwa mdomo: kina cha mwisho, dakika, baa za kugeukia. Chini, mnaonyeshana geji kwa vidole kila dakika tano, na anayeanza asiwe mmoja siku zote. Ukifika kwenye idadi mliyokubaliana unatoa ishara ya kugeuka, na ishara hiyo haijadiliwi, hata kama mbele kuna nyangumi. Kamera iache kwenye boti. Mikono ya mtu mwenye mizamo 31 ina kazi ya kutosha bila kuwapiga wengine picha.

Sasa ile habari ya pampu. Iliniuma kwa niaba yako, na nadhani ilikuuma zaidi kwa sababu ulicheka. Tuitazame kama jambo la ufundi. Mwanamke kwa kawaida ana mwili mdogo na mapafu madogo kuliko mwanamume, na tukiwa watulivu wengi wetu tunarudi na hewa nyingi kuliko waume zetu. Kinachomaliza mtungi ni hofu, baridi, kupiga mapezi kwa nguvu dhidi ya mkondo, na kubeba uzito usio wako. Umesema unavaa jaketi lake la zamani na mkanda anakufunga yeye. Jaketi pana linapanda, mwili unasimama badala ya kulala, unaburuta maji kama ngalawa iliyoshiba. Ukiongezewa vyuma vya ziada unajaza hewa jaketini ili usizame, halafu unahangaika kujisawazisha, na kila hangaiko ni pumzi. Tafuta jaketi la saizi yako, hata la mtumba, kabla hujanunua kitu kingine chochote. Pima uzito wako mwenyewe: elea wima juu ya maji, jaketi tupu, mapafu yamejaa, maji yakukate usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame polepole. Ukizama kama jiwe, punguza. Mkanda funga kwa mkono wako.

Nimekaa muda mrefu na zile namba mbili, 140 na 31. Mmepewa kadi siku moja, na leo mnatofautiana kwa mizamo 109. Mumeo anaiona tofauti hiyo akasema hujafikia kiwango, na ukitazama namba peke yake ana haki. Lakini 109 hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye homa za watoto, pilau la watu wanane, misiba, arusi, mwavuli wa Maziwe. Kila Jumamosi uliyokaa mchangani ilimwongezea yeye mizamo miwili, kwako haikuongeza kitu. Alikuwa akipata uzoefu kwa muda wako, na sasa uzoefu ule ule unatumika kukuambia ubaki nyuma. Sidhani kama amekaa akapanga hivyo. Wengi hawapangi, inatokea tu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuhesabu.

Basi hesabu wewe. Chukua daftari lako la mizamo na lake, yaweke pamoja, na kila tarehe aliyozama wewe hukuzama, andika pembeni kilichokuzuia. Usiandike lawama, andika "homa ya mtoto", "arusi ya wifi", "nilibaki na watoto kwenye fungu". Mpe asome peke yake, wewe katoke, kasahihishe mitihani yako. Nimeona waume wakibishana na maneno ya wake zao miaka na miaka, lakini orodha ya tarehe waliisoma mpaka mwisho.

Wewe unaona haya kulalamikia raha. Usione. Robert Stebbins, mtaalamu wa sosholojia, tangu 1982 ameandika kwamba ipo starehe ambayo mtu anaifanya kwa bidii kama kazi: inataka ujuzi, ina ngazi za kupanda, mtu anaivumilia siku mbaya, na mwisho inakuwa sehemu ya jinsi anavyojitambua. Kuzamia ni starehe ya namna hiyo. Mtu ukimweka kwenye ngazi ya kwanza miaka yote huku mwenzake anapanda, umemnyima kitu cha kweli. Na hauko peke yako. Kwa takwimu ambazo PADI, kampuni kubwa ya mafunzo haya, imekuwa ikizitoa, wanawake ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya wanaopata kadi, na tangu 2015 imeweka siku ya wanawake kuzamia kila Julai. Mtungi wenyewe una historia hiyo. Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan waliunda kile kifaa cha kuvutia hewa mwaka 1943, lakini walikutana kwa sababu ya nani? Mkewe Cousteau, Simone Melchior, baba yake alikuwa mkubwa katika kampuni ya gesi alikofanya kazi Gagnan. Simone naye alizama na vifaa hivyo tangu mwanzo. Jina la mumewe linajulikana dunia nzima, la kwake inabidi ulitafute.

Bibi yako wa Kigombe alinirudisha mbali. Kigombe naijua tangu kabla ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki adimu wa kale, kutangazwa mwaka 2009. Mama zetu wakitanda uduvi kwa kanga kuukuu, wawili wawili, maji kiunoni, na siku za bamvua wanatoka na fimbo kwenye mwamba kutafuta pweza, nguo zimewagandama mwili mzima, wanaume wa kila aina wanapita na madau yao. Hakuna aliyewaambia wajisitiri, kwa kuwa walikuwa wanaleta kitoweo. Kule Korea Kusini, kwenye kisiwa cha Jeju, wanawake ndio wanaozama kwa pumzi zao kutafuta chaza na mwani, wengi wao ni bibi waliopita miaka 60, na mwaka 2016 UNESCO iliingiza utamaduni wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Bahari haijawahi kumkataa mwanamke akiwa na kapu. Siku anayoingia bila kapu, kwa kufurahi nafsi yake, ndipo watu wanapoanza kumuuliza anakwenda wapi na amevaa nini.

Lakini mama mkwe ni mama, usimjibu kwa hayo. Kuhusu nguo, tafuta shati refu pana la kuogelea na kaptura pana, uvae juu ya hiyo nguo ya mpira, na kofia ya mpira inafunika nywele zote. Ukivaa jaketi na mtungi hakuna anayeona umbo. Botini jifunge kanga mbili. Hakikisha tu hakuna kitambaa kinacholegea na kukwama kwenye matumbawe au kwenye mipira ya hewa. Mpeleke siku moja Ushongo aone kwa macho yake, akae na wajukuu, utakuwa umepata na mtu wa kubaki nao. Kuhusu kizazi, mwambie kwa upole kwamba hakuna ushahidi kuwa kuzamia kunamharibia kizazi mwanamke asiye na mimba, na siku za hedhi nazo si kizuizi ukijisikia vizuri. Ila ukishuku tu kuwa una mimba, acha siku hiyo hiyo, usishuke tena mpaka ujifungue na daktari akuruhusu, kwa sababu viputo vinavyoweza kutokea kwenye damu wakati wa kupanda vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hapo mama mkwe wako ana hoja, mpe.

Kuhusu kozi, songa mbele. Kwa ngazi za PADI, kozi ya pili ina mizamo 5, mmojawapo wa kina na mmoja wa kutafuta njia kwa dira, yaani kile kile ambacho mumeo amekuwa akikufanyia. Baada yake ipo ya uokoaji, ambayo pia inadai mafunzo ya huduma ya kwanza. Kozi ya kuongoza wazamiaji unaruhusiwa kuianza ukiwa na mizamo 40 na kuimaliza ukiwa na 60. Wewe una 31. Imebaki 9, ambayo kwa boti inayozama mara mbili ni Jumamosi tano. Hicho "kiwango" alichokuambia uende ukakifikie kiko umbali wa Jumamosi tano, mwanangu, ukiachiwa uzame. Kozi ya pili kaifanyie Unguja wakati wa likizo, peke yako, kwa mshahara wako. Nasema peke yako kwa makusudi: mume akiwa pembeni mkono wako utamtafuta yeye kabla ya kutafuta geji.

Kwa safari za Maziwe, pilau liishe. Watu wanane wenye kazi wanaweza kuchangia mama lishe wa Ushongo akapika, na yeye akapata riziki. Watoto wakiwepo, mzamo wa kwanza aende baba, wa pili uende wewe na mwanakikundi mwingine, baba ashike mwavuli. Na siku mtakayozama pamoja, omba mzamo mmoja uongoze wewe, mita 12 tu, mahali mnapopafahamu, yeye akufuate bila kusahihisha mpaka mfike juu. Mwambie usiku mmetulia, si botini mbele ya wenzake. Alikuaibisha hadharani, wewe usimlipe vile vile. Mkumbushe alivyokushika mkono siku ya kwanza. Mtu aliyekuwa na moyo ule anaweza kusikia haya.

Limebaki moja, na hili hukuliuliza. Umeandika kwamba mumeo anasubiri kijana afike miaka 10 ampeleke kozi ya watoto. Umri huo wa miaka 10 ni sahihi, ndipo wanapoanza. Lakini mwanangu, binti yako ana miaka 11. Ameshaufikia, ameshaupita, na katika barua nzima hakuna aliyemtaja kwa hilo, si baba yake wala wewe uliyeandika. Kijana ana miaka minne ya kusubiri na nafasi yake tayari imewekwa.

Basi muulize kwanza kama anataka. Akitaka, mpeleke ufukweni Raskazone jioni, maji yakiwa yamejaa, ajifunze kuelea dakika 10 bila kushika kitu na kuogelea mita 200 bila kusimama, maana hayo ndiyo atakayopimwa. Ingia naye wewe mwenyewe. Baba yake akiuliza mnakwenda wapi, mwambie, na mwambie alete taulo.

Shangazi